Mfalme wa Majina Mawili (Sehemu ya Kwanza)

Ukifika Mombasa, Mpemba mwenzangu, usipite lango la Fort Jesus mbio mbio. Inua kichwa.

Pana jiwe la maandishi ya Kireno. Hukijui Kireno? Hata mimi. Lakini neno moja utalitambua bila mkalimani: Pemba.

Jiwe linajisifu. Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome mwaka 1635, anajigamba kwamba aliitia Pemba adabu na kuwaua wakuu wake walioasi. Mfalme waliyemfuata anamwita dhalimu.

Mfalme gani huyo? Taratibu, uhondo ndio kwanza unaanza.

Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa aligombana na Wareno, akakimbilia bara. Wale aliowakimbilia wakahongwa, wakamuua. Kichwa chake kikapelekwa Goa, kule India.

Na mwanawe Yusuf, kitoto cha miaka kama 7, unadhani alipelekwa wapi?

Goa hiyo hiyo!

Mapadri wa Kiagustino wakamlea, wakambatiza, wakampa jina la Dom Jerónimo. Alipokua, Wareno wakamrudisha Mombasa awe mfalme, na Pemba yetu ya mpunga ikawa chini yake. Akamwandikia hata Papa wa Roma kuahidi utiifu.

Ukiishika barua ile utaapa kuwa huyu ni mtu wao. Ukilisoma jiwe utaapa kuwa ni adui yao tangu tumboni mwa mamaye. Wewe ungeamini kipi? Usijibu kwanza, kuna kaburi.

Mfalme huyu Mkristo alionekana kwenye kaburi la babake, akimwombea dua. Dua ya Kiislamu, si sala ya kanisani.

Aliyemwona hakuufunga mdomo. Habari zikamfikia kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, naye akapanga kumkamata na kumrudisha Goa. Ndiyo, Goa kwenye kichwa cha babake!

Ila mfalme naye alikuwa na masikio.

Agosti 1631. Mfalme anakwenda ngomeni kumwamkia kapteni, kama rafiki amtembeleavyo rafiki. Nyuma yake wapo watu wake.

Lango likafunguliwa. Kwa nini lisifunguliwe? Si Dom Jerónimo huyo?

Aliyeingia alikuwa Yusuf bin Hasan, na jambia alikuwa nalo.

Itaendelea Jumamosi ijayo. Wakuu wetu wa Pemba bado wako hai, msomaji wangu, na hawajui lolote.