Koko akivunjika nyonga: kitanda peke yake si dawa

Mara nyingi inatokea nyumbani. Koko anaamka usiku kwenda msalani, umeme hakuna, mguu unakwama kwenye jiwe la lava, anaanguka upande. Asubuhi hawezi kusimama. Mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwingine, na unyayo umegeukia inje. Jirani anasema: "Ni mshipa tu, tumkande."

Hapana. Mguu mfupi uliogeukia inje ni alama kubwa ya mfupa wa paja kuvunjika karibu na nyonga. Wengine wanaweza kukanyaga kidogo, lakini maumivu kwenye kinena hayaishi. Hao pia wanahitaji picha ya radio.

Kwa nini wazee?

Umri ukisonga, mfupa unapungua nguvu, zaidi kwa wamama waliokwisha kukoma hedhi. Kwao, kuanguka tu wakiwa wamesimama kunatosha kuuvunja.

Unavunjika wapi?

Juu, mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachoingia ndani ya nyonga. Chini ya kichwa kuna shingo. Damu nyingi ya kichwa inapita kwenye ile shingo. Shingo ikivunjika na mfupa kuhama, kichwa kinaweza kukosa damu na kufa. Ndiyo maana kwa mzee munganga mara nyingi anatoa kichwa na kuweka cha chuma.

Mfupa ukivunjika chini ya shingo, damu bado inafika na mfupa unaweza kuunga. Hapo munganga anaushika kwa bamba na skrubu, ao kwa msumari mrefu unaoingia ndani ya mfupa.

Kulala bila kupasuliwa

Njia ya zamani ni kuvuta mguu kwa uzito, mgonjwa akilala kwa wiki nyingi. Kijana anaweza kuvumilia. Kwa mzee, kitanda kinaleta vidonda vya mgongo, ugonjwa wa mapafu, damu kuganda miguuni na ugonjwa wa mkojo. Mara nyingi ni hayo yanayomuua, si mfupa wenyewe. Hata katika inchi tajiri, karibu mzee mmoja kwa wanne ao watano anafariki ndani ya mwaka mmoja. Uingereza, waganga wanaelekezwa kupasua siku ileile ao kesho yake. Siku hizo zikipita, kupasuliwa bado kunaweza kusaidia: familia isikate tamaa.

Goma ina historia ya upasuaji wa mifupa. HEAL Africa ilianzishwa na Dr Jo Lusi, munganga wa mifupa, pamoja na mke wake Lyn. Katika hopitali ya CBCA Ndosho, Msalaba Mwekundu wa Kimataifa unasaidia kupasua majeruhi wa vita. Vita vikipamba moto, kama Januari 2025, hopitali zinajaa. Kwa hiyo familia iulize mapema wapi kuna nafasi.

Kabla ya kufika hopitali

– Msimkande wala kuvuta mguu.
– Msimpandishe moto. Mbebeni amelala juu ya godoro ao ubao, mto katikati ya miguu.
– Mchukue dawa zote anazokunywa: za tension, sukari, ao za kuzuia damu kuganda.

Maswali ya kumuuliza munganga

– Mfupa umevunjika kwenye shingo ao chini yake?
– Anaweza kupasuliwa hapa, na lini? Kama hapana, mnamtuma wapi?
– Bei yote ni ngapi, pamoja na chuma na damu?
– Atasimama siku gani?

Kisha kupasuliwa

Mzee anapaswa kusaidiwa kusimama mapema, mara nyingi kesho yake, akishika kifaa cha kutembelea. Aliyewekewa kichwa cha chuma asichuchumae, asikalie kiti kifupi, asikunje mguu juu ya mwingine mpaka munganga aruhusu, juu nyonga inaweza kuchomoka. Kwa choo cha shimo, fundi anaweza kutengeneza kiti chenye tundu.

Akirudi nyumbani, muondoe mawe njiani, muweke mti wa kushika kwenye mlango, na tochi karibu na kitanda. Aliyevunjika nyonga moja yuko kwenye hatari ya kuvunja ya pili.