Umeumia Ukichomelea na Mdosi Amekataa Kulipa? Hivi Ndivyo Unapinga

Story hizi huenda hivi. Uko karakana, pengine Kariobangi Light Industries ama Kamukunji, kipande cha chuma kinaruka kinaingia jichoni. Mdosi anakutumia elfu tano kwa M-Pesa, anakuambia pole, enda hosi. Ukirudi kuuliza fidia anakuchapa na mistari mbili: wewe ni kibarua tu, na hukuwa umevaa miwani. Wasee wengi huachia hapo.

Usiachie hapo. Mdosi kusema hapana sio uamuzi, na kampuni ya bima kukataa pia sio uamuzi. Mwenye kuamua ni Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ile idara watu huita DOSHS, na sheria anayotumia ni WIBA ya 2007, inayohusu fidia ya majeraha kazini.

Tuanze na hiyo ya kibarua. Kwa WIBA, mfanyakazi ni mtu aliyeajiriwa kwa mshahara, hata mwanagenzi yumo, na mkataba wa mdomo ni mkataba. Kama hauna karatasi, message za M-Pesa za malipo ya kila wiki zinaongea. (Ukiwa fundi wa kujitegemea, umekodi tu kona ya karakana, hapo ni ngumu, hauna mwajiri wa kudai.)

Hiyo ya miwani nayo ndio hutishia watu zaidi, na ndio dhaifu zaidi. WIBA haiulizi nani alizembea. Mdosi huponea tu kama ulifanya kosa la makusudi kabisa, na hata hapo, ajali ikikuacha na ulemavu mkubwa ama ikiua mtu, hawezi kujificha nyuma ya hiyo. Isitoshe, sheria inasema kutoa vifaa vya kukinga macho ni kazi ya mwajiri. Muulize alikupea zipi.

Kwa kuchomelea kuna mtego mwingine. Mwanga wa welding ukikupiga macho, mara nyingi hausikii kitu saa hiyo. Maumivu hukuja baada ya masaa kadhaa, usiku uko kejani, macho yanawasha kama yamejaa mchanga. Kesho yake mdosi anadai uliumia nyumbani. Ndio maana ukifika hosi mwambie daktari wazi: nilikuwa nachomelea kazini, kwa nani, saa ngapi. Akiandika tu "macho mekundu", hiyo karatasi itakusumbua mbele. Na mdosi mtumie message siku hiyo hiyo, ikae kwa simu.

Akishajua, mwajiri ana siku 7 kuripoti ajali kwa Mkurugenzi, na kama kuna aliyekufa ni masaa 24. Akinyamaza, enda ofisi ya DOSHS ya kaunti yako mwenyewe ujiripoti. Dai lako lenyewe liwasilishe kwa maandishi ndani ya miezi 12 tangu ajali. Ukizubaa ipite, unaweza kupoteza haki yako.

Kwa nini usumbuke? Piga hesabu. Kwa ulemavu wa kudumu, sheria inachukua mshahara wa miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Ukilipwa 20,000 kwa mwezi na ulemavu uwe asilimia 10, hiyo ni 192,000. Linganisha na ile elfu tano. Na gharama za matibabu, dawa hata nauli ya hosi ni za mwajiri, mbali na hiyo fidia. Kwa hivyo usisaini karatasi yoyote ya "nimelipwa yote" kabla daktari hajakupima asilimia.

Sasa, Mkurugenzi mwenyewe akikataa dai, ama asilimia iwe kidogo kuliko vile umeumia, una siku 60 kuandika pingamizi. Usiandike hasira kurasa kumi. Eleza kwa ufupi nini kilitokea, uamuzi umekosea wapi, na unataka nini, kisha weka ripoti ya daktari mwingine kama unayo. Peleka kopi mbili, yako igongwe muhuri wa tarehe. Anafaa kukujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Jibu likikuangusha, una siku 30 kukata rufaa kwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Usiruke hizo hatua ukimbilie korti moja kwa moja. Mahakama ya Juu ilishathibitisha mnamo Desemba 2019 kwamba madai haya lazima yaanzie kwa Mkurugenzi, kwa hivyo wakili anayekuambia mfungue kesi kesho anakula doo yako bure. Kama hauna pesa ya wakili, Kituo cha Sheria husaidia watu wasiojiweza.

Na ukishinda halafu mdosi agome kulipa? Hiyo hutokea sana. Hapo ndipo watu huenda mahakama ya kazi wakiomba uamuzi wa Mkurugenzi ufanywe amri ya korti. Bebea wakili ule uamuzi wenyewe, na ushahidi kwamba mdosi aliupokea.