Taa ya kuzunguka: umeme unafika namna gani bila waya kujikunja?

Kwenye ambilansi, magari ya zimamoto, mashine za kutengeneza barabara na hata kwenye kumbi za sikukuu, kuna taa ambazo zinazunguka. Ile ya juu ya gari mafundi wetu wanaiita jirofari. Ikizimika usiku, ambilansi inabaki gari kama zingine: shofere wa lori anayetoka mbele hajui kama kuna mgonjwa ndani, na hapishi. Ndiyo maana ni vizuri kujua ginsi taa hiyo inavyopata umeme.

Shida iko wapi?

Kila taa inahitaji waya mbili: moja ya kuleta umeme, ingine ya kuurudisha. Taa ikizunguka pamoja na waya zake, zinajikunja kama kamba ya mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Mbuzi akizunguka mara kumi, kamba imekwisha. Waya nazo zinakatika, ao zinagusana na kuunguza fizibli.

Njia ya kwanza: taa inatulia, kioo kinazunguka

Hii ndiyo iko kwenye jirofari nyingi za zamani. Ampuli imesimama katikati, haitembei. Kinachozunguka ni kioo kilichopinda, kinachosukumwa na mota ndogo. Kwa macho yetu ni kama taa inazunguka, kumbe ni mwanga tu. Wazo hili ni la zamani kuliko umeme wa majumbani: mwaka 1823, kwenye mnara wa Cordouan huko Ufaransa, Augustin Fresnel aliweka vioo vyake vizunguke pembeni ya taa iliyotulia, ili meli ziuone mwanga toka mbali.

Tufe la vioo la ukumbini ni hivyo hivyo. Mota inazungusha tufe polepole, na mwanga unatoka kwenye taa ya pembeni.

Njia ya pili: pete na makaa

Kama ampuli yenyewe inapaswa kuzunguka bila kusimama, umeme unapita kwenye pete za shaba zilizovaa juu ya mhimili. Vipande vidogo vya makaa, vile mafundi wanaita sharbo, vinasukumwa na springi na kugusa pete wakati wote. Waya za gari zinaishia kwenye makaa, za taa zinaanzia kwenye pete. Hakuna kinachojikunja. Fundi wa gari anajua jambo hili, sababu alternateri nyingi ziko na pete na makaa vilevile.

Ubaya wake ni kwamba makaa yanakwisha, na vumbi ya barabara zetu inachafua pete.

Taa zingine za ukumbini hazina pete. Zinazunguka mara moja na nusu, halafu zinarudi nyuma. Kwa hizo, waya yenye urefu wa kutosha inaenea.

Njia ya tatu: hakuna kinachozunguka

Jirofari nyingi za siku hizi ni za LED. Taa ndogo zimepangwa kwa duara, na kadi ya elektroniki inaziwasha moja nyuma ya ingine. Hakuna mota wala makaa, na zinakula umeme kidogo sana.

Waya nyembamba inaiba mwanga

Ampuli ya wati 55 kwenye batri ya volti 12 inavuta karibu ampere 4,6. Kama waya ni ya milimeta mraba 0,5 na umeme unatembea meta 10 kwenda na kurudi, volti karibu 1,6 zinapotelea njiani. Taa inafifia na waya inapata joto. Kwa waya ya 1,5, hasara inashuka hadi nusu volti. Fizibli iwekwe karibu na batri, ili ikinge waya yote. Ikiungua, isibadilishwe na kipande cha waya: gari linaweza kushika moto.

Angalia pia batri. Ya ampere-saa 60, na mota ya gari imezimwa, inaweza kuwasha taa hiyo karibu masaa sita kabla ya kushuka chini ya nusu. Zaidi ya hapo, gari linaweza kukataa kuwaka.

Ukumbini ni volti 220

Hapa hatari ni kubwa zaidi, hata kama umeme unatoka kwenye grupu. Usifungue taa bila kuchomoa prizi, sababu kuzima swichi peke yake hakutoshi. Taa ya chuma iunganishwe na waya ya ardhi, na ukumbi uwe na disjonkteri diferansieli ya miliampere 30, inayokata umeme haraka mtu akiguswa.

Kutambua ubovu

– Inawaka lakini haizunguki: angalia mota, meno ao mkanda wake.
– Inazunguka lakini haiwaki: angalia ampuli, kama ni ya pete, angalia makaa.
– Inawaka na kuzimika kila inapozunguka: pete ni chafu ao makaa yamekwisha.
– Imekufa kabisa: anza na fizibli, halafu masi. Mara mingi ni boloti yenye kutu tu, na kuisugua kwa papye ya msasa kunatosha.