Kunyanyua vyuma: jinsi ya kufuatilia maendeleo yako na kusaidiana bila kuumia

Katika makazi mengi ya wakimbizi utakuta uwanja wa vyuma: bomba la chuma, makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, na benchi la mbao chini ya mti. Vijana wa makazi na vijana wa jamii wenyeji hufanya mazoezi hapo pamoja. Lakini ukiuliza, "Chuma hiki ni kilo ngapi?", mara nyingi kila mtu anatoa jibu lake.

Hilo si jambo dogo. Mtu asiyejua anabeba kilo ngapi hawezi kujua kama anaendelea, na ni rahisi kwake kuongeza uzito kupita kiasi. Ukiumia mgongo hupotezi mazoezi peke yake. Utashindwa kulima, kuchota maji na kufanya kibarua, na familia yako itaona pengo hilo siku hiyo hiyo.

Makala hii inakueleza jinsi ya kupima vyuma vyako, kuandika maendeleo yako, na kurekebishana na wenzako. Unahitaji daftari, kalamu na mwenzako mmoja au wawili.

Nitajuaje uzito wa vyuma vya kutengeneza wenyewe?

Kopo la lita 4 lililojazwa zege la saruji, mchanga na kokoto hukaribia kilo 9 au 10. Lakini usikadirie. Makopo mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kutofautiana kwa kilo nzima, na upande mmoja ukizidi, mgongo wako utapinda bila wewe kujua.

Njia rahisi ni kuomba kupima kwenye mizani ya duka la nafaka au ya mashine ya kusaga unga, saa ambayo hakuna wateja wengi.

Kama hakuna mizani, tumia maji. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Jerikeni ya lita 20 iliyojaa, pamoja na plastiki yake, ni karibu kilo 21. Funga kamba katikati ya mti ulionyooka, uuning'inize, kisha weka chuma upande mmoja na jerikeni upande wa pili, kwa umbali sawa kutoka katikati. Punguza maji lita moja moja mpaka mti ukae sawa. Maji yaliyobaki, ongeza kilo 1 ya plastiki, ndiyo uzito wa chuma chako.

Ukishapima, andika uzito kwa rangi juu ya kopo. Usisahau kupima bomba lenyewe. Kwenye mashindano ya kimataifa, chuma cha wanaume bila sahani ni kilo 20 na cha wanawake ni kilo 15. Bomba lenu linaweza kuwa jepesi zaidi ya hapo.

Niandike nini kwenye daftari?

Andika mambo matano kila siku ya mazoezi: tarehe, zoezi, uzito, idadi ya marudio katika kila seti, na hali yako. Hali yako maana yake ni usingizi, chakula na maumivu. Kwa mfano:

Jumatatu. Kuchuchumaa na chuma. Kilo 40. Marudio 8, 8, 6. Nimelala saa 5, nimekula mara moja.

Jumatatu inayofuata. Kuchuchumaa na chuma. Kilo 40. Marudio 8, 8, 8. Nimelala saa 7, nimekula mara mbili.

Ukitazama uzito peke yake, utasema hakuna kilichobadilika. Sasa zidisha uzito kwa marudio yote. Wiki ya kwanza ni 40 mara 22, yaani kilo 880. Wiki ya pili ni 40 mara 24, yaani kilo 960. Umeendelea, na daftari ndilo limekuonyesha.

Je, ni lazima nijaribu uzito wa mwisho ninaoweza?

Hapana. Mashindano ya "nani anabeba zaidi" ndipo watu wengi huumia. Unaweza kukadiria bila kujaribu. Chukua marudio uliyofanya vizuri, gawanya kwa 30, jumlisha 1, kisha zidisha kwa uzito. Kilo 40 kwa marudio 8 zinakupa karibu kilo 50. Hicho ndicho kiasi unachoweza kunyanyua mara moja. Hesabu hii hufaa zaidi kwa marudio yasiyozidi 10.

Niongeze uzito lini?

Kama unaanza, siku 3 kwa wiki zinatosha, na uache siku moja ya kupumzika katikati. Fanya seti 3 za marudio 5 hadi 8. Ukimaliza seti zote 3 za marudio 8 kwa umbo zuri katika siku mbili zinazofuatana, ongeza kidogo.

Tatizo la makopo ya zege ni kwamba hakuna nyongeza ndogo. Tumia chupa za plastiki. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ni karibu nusu kilo. Funga moja kila upande kwa mpira wa baiskeli na umeongeza kilo 1. Kama huna chupa, ongeza marudio, au shuka polepole kwa kuhesabu mpaka 4.

Na chakula kikipungua?

Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa katika nchi zinazotupokea, na mwili unaofanyishwa mazoezi makali bila chakula hauwezi kujenga misuli. Hapa ndipo mstari wa "hali yako" unapokuwa na kazi. Ukiona wiki mbili mfululizo marudio yanashuka, na umeandika "nimekula mara moja", usijilazimishe. Fanya seti 1 au 2 badala ya 3, na usiongeze uzito. Nguvu haipotei kwa wiki moja wala mbili, lakini jeraha linaweza kukaa nawe mwaka mzima.

Maharagwe, karanga, mayai na samaki wadogo wakavu husaidia kujenga misuli. Usinunue vidonge wala sindano za "kuongeza mwili" ambazo hujui zina nini.

Mambo ya kuangalia katika kila zoezi

Kuchuchumaa na chuma mabegani. Panua miguu kwa upana wa mabega, vidole vielekee nje kidogo. Vuta pumzi, kaza tumbo, kisha shuka. Magoti yafuate upande wa vidole, na visigino visiinuke. Kama visigino vinainuka, punguza uzito kwanza.

Kunyanyua kutoka chini. Chuma kiwe karibu na miguu, juu ya katikati ya nyayo. Mgongo unyooke kabla chuma hakijaondoka chini. Sukuma ardhi kwa miguu, usivute kwa kiuno. Jambo moja wengi hawalijui: sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma hukaa zaidi ya sentimita 22 juu ya ardhi. Makopo ya rangi ni madogo, na chuma chako kiko chini zaidi. Ndiyo maana mgongo unapinda. Weka matofali imara chini ya makopo ili kukiinua.

Kusukuma juu ya kichwa. Kaza tumbo na makalio. Mgongo wa chini ukipinda nyuma, uzito umezidi.

Kusukuma ukiwa umelala kwenye benchi. Zungusha kidole gumba kwenye chuma ili kisiteleze. Usifanye zoezi hili peke yako kamwe. Makopo yaliyoshikamana na bomba hayawezi kumwagwa upande mmoja ukishindwa, na chuma kitabaki juu ya kifua au shingo yako.

Kabla ya kuanza, kagua bomba na zege. Kama kuna ufa, msikitumie.

Tusaidiane vipi?

Fanyeni mazoezi watu watatu watatu. Mmoja ananyanyua, wa pili anamtazama kwa upande, wa tatu anaandika. Kisha mbadilishane. Anayenyanyua hawezi kuuona mgongo wake mwenyewe, kwa hiyo jicho la mwenzake ndilo kioo chake.

- Toa sahihisho moja kwa wakati. Mtu akiambiwa mambo matano, hashiki hata moja.
- Kubalianeni maneno mafupi ambayo kila mmoja anayaelewa, hata kama lugha zenu ni tofauti: "kifua juu", "visigino chini", "acha". Mtu akisikia "acha", anashusha chuma bila ubishi.
- Omba ruhusa kabla ya kumgusa mtu au kumpiga picha ya video. Video ni yake, na akisema uifute, uifute.
- Wekeni saa ambazo wanawake na wasichana watafanya mazoezi kwa uhuru.
- Watoto wasiachwe na vyuma bila mtu mzima. Waanze na fimbo au uzito mwepesi wajifunze umbo.
- Usimcheke anayeanza na bomba tupu.

Ni lini niache na kwenda kituo cha afya?

Acha mara moja ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au kuzimia. Nenda kituo cha afya pia kama maumivu ya mgongo yanashuka hadi mguuni, kama mguu unakufa ganzi, au kama unashindwa kuzuia mkojo. Mkojo wa rangi ya chai nzito baada ya mazoezi makali ni dalili ya hatari kwa figo. Usisubiri kesho. Mjamzito, au mtu mwenye shinikizo la damu, azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kuanza.

Mkimbizi anaweza kufika mbali kwa mchezo huu?

Ndiyo, ingawa njia ni ndefu. Cyrille Tchatchet, mzaliwa wa Kamerun, alikwenda Glasgow mwaka 2014 kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola na hakurudi nyumbani. Kwa muda alilala nje katika mji wa Brighton, Uingereza. Baadaye alipewa hifadhi, akasomea uuguzi wa afya ya akili, na akaendelea kunyanyua vyuma. Mwaka 2021 aliiwakilisha timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Tokyo na kushika nafasi ya 10 katika uzito wa kilo 96.

Wengi wetu hatutafika Olimpiki, na si lazima. Wiki hii fanya mambo matatu: pima vyuma vya uwanja wenu, andika uzito juu ya kila kopo, na fungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Baada ya miezi mitatu, ukiulizwa unabeba kilo ngapi, utakuwa na jibu la kweli.