Kinaka: okidi za Kitulo zilivyovuka mpaka wa Tunduma

Ukiuliza watu Tunduma inajulikana kwa nini, wengi watakwambia malori. Foleni ya kuingia Zambia, madereva wanaosubiri karatasi, wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha, bodaboda zinazokatiza kati ya Tunduma na Nakonde kana kwamba mpaka haupo. Ila kuna mzigo mmoja ambao haukuwahi kupangwa kwenye foleni hiyo. Umevuka kwa magunia, kwa ndoo, kwa mifuko ya kawaida tu: viazi vidogo vya porini, vingine havizidi ukubwa wa kidole gumba. Upande wa Zambia vinaitwa chikanda. Kwetu Nyanda za Juu Kusini wengi wanaviita kinaka.

Kinaka ni kiazi cha okidi. Ndiyo, okidi hiyohiyo ambayo maua yake huko mijini yanauzwa kwa bei mbaya kwenye vyungu. Historia ya kiazi hiki inatufundisha jambo ambalo vitabu vya uhifadhi havilisemi sana: unaweza kuchora mpaka kuzunguka mlima, ukaweka askari na bango, na bado mlima ukaendelea kuliwa kutoka mbali.

Kwanza, chakula chenyewe

Kwa Wabemba na majirani zao wa kaskazini mwa Zambia, chikanda ni chakula cha siku nyingi. Viazi huanikwa, hutwangwa kwenye kinu hadi viwe unga, kisha huchanganywa na karanga zilizosagwa, chumvi, pilipili na magadi kidogo. Ukipika na kukoroga vizuri, mchanganyiko unashikana na kuwa kitu kizito kama keki ya rangi ya kahawia, ambacho hukatwa vipande. Wengine wanakifananisha na soseji nene ya poloni, ingawa hakina nyama hata chembe.

Zamani wanawake walichimba viazi vya kutosha familia, kwenye mbuga za majimaji zilizo karibu na kijiji. Mambo yalibadilika chakula hiki kilipohamia mjini. Watu wa kaskazini walikwenda kufanya kazi kwenye migodi ya Copperbelt na ofisi za Lusaka, wakaenda na ladha yao. Chikanda kikawa kitafunwa cha sokoni, baadaye kikaingia hata mahotelini. Okidi za Zambia zikaanza kuadimika, na wafanyabiashara wakatazama ng'ambo ya mpaka.

Na njia ilikuwa tayari. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita Mbeya na Tunduma kuelekea Kapiri Mposhi. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita hapohapo. Miundombinu iliyowekwa kwa ajili ya shaba na ukombozi wa kusini mwa Afrika ikawa pia njia ya kinaka. Mpaka wenyewe, uliotokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1890, ulikata katikati ya ardhi ya Wanyamwanga, kwa hiyo kuvuka kwenda kwa ndugu au kwa mteja lilikuwa jambo la kawaida muda mrefu kabla ya geti la forodha.

Mmea wa viazi viwili

Hapa tuingie kidogo kwenye biolojia, maana bila hiyo ugomvi mzima hauleweki.

Okidi nyingi za nyasi za milimani, hasa zile za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria, zinaishi ardhini kwa mfumo wa viazi viwili. Kimoja ni cha mwaka huu: kimekwisha kutoa shina na maua, sasa kinanywea. Cha pili ni kigumu, kimejaa wanga, ni akiba ya mwakani. Msimu wa ukavu na baridi majani yote hufa, na mmea mzima unabaki kuwa kile kiazi kipya kilicholala chini.

Mchimbaji anataka kipi? Kile kigumu, bila shaka. Kile kilichonywea hakina kitu. Maana yake ni kwamba anachukua mmea wa mwakani wote.

Mtu anaweza kusema: si zitaota nyingine kwa mbegu? Tunda moja la okidi linaweza kutoa maelfu ya mbegu, lakini ni laini kama vumbi na hazina akiba ya chakula ndani. Punje ya mahindi hubeba chakula cha kuanzia. Mbegu ya okidi inategemea kuvu fulani wa udongoni wa kuilisha mwanzoni. Isipokutana na kuvu huyo, basi. Ikimpata, bado huchukua miaka kadhaa kabla mmea haujatoa ua la kwanza. Ndiyo sababu huwezi kumwambia mkulima "lima kinaka shambani" kama unavyomwambia alime viazi mviringo.

Mlima wa kondoo, ng'ombe na viazi

Sasa tupande Kitulo. Uwanda huu upo kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, kwenye kimo cha takribani mita 2,600, na kilele cha Mtorwi kinafika karibu mita 2,960. Kutoka Chimala unapanda kwa barabara ya kona nyingi ambayo wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Juu kuna baridi kali. Juni na Julai asubuhi nyasi zinaweza kuwa nyeupe kwa sakitu. Ila mvua zikishanyesha, kuanzia Novemba hadi Aprili, uwanda unafunikwa na maua. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu.

Wazungu walipaita Elton, kwa jina la Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyepita huko 1877. Jina hilo limekufa. Kilichobaki ni swali ambalo kila utawala umelijibu kwa namna yake: mlima huu ni wa nini?

Miaka ya 1960 jibu lilikuwa kondoo wa sufu. Baadaye likawa ng'ombe wa maziwa, kwa sababu ng'ombe wa kizungu hustawi kwenye baridi ile, na shamba la mifugo la Kitulo lipo hadi leo. Pembezoni, wakulima wa Kikinga na majirani zao walilima pareto, ngano na viazi mviringo, na mashamba yakazidi kupanda mlima. Kwa serikali ya wakati ule uwanda wa nyasi ulikuwa ardhi iliyolala, inayosubiri kazi. Maua hayakuingia kwenye hesabu.

Wala maji hayakupewa uzito wake, na hili ni kubwa. Vijito vinavyoanzia Kitulo hushuka hadi bonde la Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mtu anayewasha taa Dar es Salaam ana sehemu yake katika nyasi zile, hata kama hajawahi kusikia jina Kitulo.

Hesabu ya 2003

Biashara ya kinaka ilipopamba moto miaka ya 1990, vijiji vya Nyanda za Juu Kusini vilipata zao lisilohitaji mbegu, mbolea wala shamba. Unahitaji jembe na miguu yako. Waliochimba walikuwa hasa watu wa kipato kidogo, wanawake na watoto wakiwamo. Waliopata faida nzuri walikuwa wale waliokusanya magunia na kuyavusha.

Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha utafiti katika jarida la Oryx ulioweka namba kwenye jambo ambalo kila mtu mpakani alikuwa akiliona. Walikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vya okidi vilikuwa vikienda Zambia kila mwaka, na kwamba hadi spishi 85 zilikuwa hatarini. Gawanya kwa siku 365: ni takribani viazi 6,000 hadi 11,000 kwa siku. Na kumbuka, kila kiazi ni mmea mmoja wa mwakani.

Yote hayo yalikuwa yakitokea wakati okidi zote duniani ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao unataka kibali kabla ya kuvusha mpaka hata mmea usiokaribia kutoweka. Lakini afisa wa forodha atajuaje kiazi kikavu ni cha Disa au cha Habenaria? Hata mtaalamu wa mimea hushindwa bila ua. Miaka iliyofuata watafiti walilazimika kupima vinasaba vya viazi na vya chikanda chenyewe ili wajue spishi zipi zimeingia chunguni.

Mstari wa 2005

Serikali ilikuwa imeshatangaza nia ya kuifanya Kitulo hifadhi mwaka 2002, na 2005 ikawa Hifadhi ya Taifa rasmi, chini ya TANAPA, ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 413 pamoja na msitu wa Livingstone. Ilihesabiwa kuwa hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Mwaka huohuo dunia ilitangaziwa kima mpya, kipunji, kutoka Rungwe na msitu huo wa Livingstone. Kwa sayansi alikuwa mgeni. Kwa wawindaji wa Kinyakyusa alikuwa na jina siku nyingi.

Je, mpaka ule ulisaidia? Ndani ya hifadhi, ndiyo: uwanda ulipata ulinzi ambao haukuwahi kuwa nao, na jembe halikuendelea kupanda. Lakini hifadhi ya taifa hairuhusu kilimo, malisho wala uchimbaji, kwa hiyo gharama ya ulinzi huo iliwaangukia kwanza watu wa jirani. Na hamu ya chikanda haikupungua hata kidogo. Kinaka kilitafutwa kwenye vilima vingine visivyo na askari. Malawi nako, wachimbaji waliingia hadi ndani ya Hifadhi ya Nyika.

Uturuki wanaijua hadithi hii. Huko viazi vya okidi husagwa kuwa salep, unga wa kinywaji cha moto na aiskrimu maarufu. Serikali ilipiga marufuku kuuza nje viazi hivyo, lakini wateja wa ndani walibaki, na nchi jirani kama Iran zikaanza kuchimbwa.

Nani awe mezani?

Mara nyingi tunapozungumzia migogoro ya milimani tunafikiria pande mbili tu, hifadhi na kijiji. Huko Ulaya huwa ni wafugaji na wenye viwanja vya kuteleza kwenye theluji. Kinaka kinaonyesha pande nyingi zaidi: mama anayechimba akiwa na ada ya shule kichwani, mnunuzi anayepita vijijini, mpishi wa Kasama anayeendeleza mapishi ya bibi yake, forodha mbili zisizojua kutambua kiazi, na mkulima wa mpunga Usangu anayetegemea maji ya juu.

Vyombo vya kuwakutanisha vipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinaipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi, kuweka msitu wake wa hifadhi na kujiwekea kanuni. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuamua eneo gani lipumzishwe miaka kadhaa na nani asiingie na jembe. Kijiji hakiwezi, hata hivyo, kupunguza ulaji Lusaka. Hilo linahitaji Tanzania na Zambia kuzungumza kuhusu chikanda kama zinavyozungumza kuhusu mahindi, na wanasayansi kuendelea kutafuta namna ya kuotesha okidi hizi kwa bei ambayo mkulima anaimudu.

Mpaka hapo, bei ya kinaka inaendelea kupangwa kati ya mnunuzi na mchimbaji, na gharama ya kiazi cha mwakani haimo kwenye hesabu yao.