Marketingi yenye haki: namna ya kuifundisha wanafunzi wa sekondari

Ku soko nyingi za Kongo, unga, maharagi na mchele vinapimwa kwa kopo. Muuzaji akibonyeza chini ya kopo, kwa macho linabaki refu vilevile, lakini ndani linabeba kidogo. Tuseme linapoteza sehemu moja juu ya kumi. Mama anayelipa makopo kumi anarudi nyumbani na tisa. Hakuna mtu aliyemwambia uongo kwa kinywa. Kopo ndilo lililodanganya.

Hesabu hiyo, mwanafunzi wa sekondari anaiweza kwa dakika moja. Ulizo ngumu ni ile inayofuata: kama wauzaji wote wa mstari ule wamebonyeza makopo yao, yule mmoja anayekataa atauza namna gani? Hapo ndipo somo la marketingi linakutana na somo la uongozi.

Marketingi ni nini, na uongozi unaingia wapi?

Marketingi ni kazi yote ya kutafuta wateja, kuwavuta na kuwatunza. Inaanza kwa kujua mtu anahitaji nini. Kiisha inakuja kuchagua bidhaa, bei, mahali pa kuuzia na maneno ya kutangaza. Si kupiga kelele tu ku redio ao kubandika picha ku barabara.

Uongozi nao si cheo tu. Ni kuamua jambo na kukubali kujibu juu yake. Msichana anayepanga bei ya mikate ya mama yake ni kiongozi kwa kadiri yake, sababu uamuzi wake unagusa familia na wateja.

Munamo masomo ya Kongo, wanafunzi wa opsyo ya Commerciale et Gestion wanajifunza hesabu na kazi za biashara. Uraia na maadili ni somo lingine, lenye saa yake. Mwanafunzi anaweza kupata pointi nzuri kwa yote mawili bila kuona kama yanahusiana. Lakini wengi wao wanauza tayari: krediti ya simu, biskuti, viatu vya okazyo. Jioni wanatangaza bidhaa ku statut ya WhatsApp. Kuwangojea wapate diploma kwanza ni kuchelewa.

Maulizo ine ya muuza masufuria

Chombo kimoja kinachosaidia darasani kilizaliwa ndani ya biashara yenyewe. Mwaka wa 1932, mjini Chicago, inchini Marekani, uchumi ulikuwa umeanguka. Herbert Taylor alichukua uongozi wa Club Aluminum, kampuni ya masufuria iliyokuwa karibu kufilisika. Aliandika maulizo ine ambayo kila mfanyakazi angejiuliza mbele ya kusema ao kutenda. Kwa kifupi ni haya: Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, italeta uelewano na urafiki? Je, itafaidisha wote?

Taylor alianza kwa kupima matangazo ya kampuni yake. Maneno kama «bora kupita yote» yaliondolewa, sababu hakuna aliyeweza kuonyesha ushahidi. Mbele ya kuwapa wafanyakazi wote maulizo hayo, aliwauliza wakubwa wa idara, watu wa imani mbalimbali, kama kuna linalopingana na imani yao. Hawakuona lolote. Hilo lina maana kwa Kongo, inchi yenye shule za serikali, za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu na za Waislamu: maulizo ine yanaweza kuingia kila darasa.

Shirika la Rotary liliyakubali mwaka wa 1943. Vikundi vyake vya vijana wa miaka 12 mpaka 18, vinavyoitwa Interact, vilianza mwaka wa 1962.

Mifano mitatu ya kujadili

Maulizo peke yake yanakauka haraka. Yanahitaji mambo yaliyotokea kweli.

*Dawa ya Tylenol, 1982.* Katika eneo la Chicago, watu saba walikufa kiisha kumeza vidonge vya Tylenol ambamo mtu alitia sumu ya sianidi. Kampuni ya Johnson & Johnson, iliyoongozwa na James Burke, iliomba chupa karibu milioni 31 zirudishwe kutoka maduka ya inchi nzima. Ilipata hasara ya zaidi ya dolari milioni 100. Kiisha ilirudi ku soko na chupa zilizofungwa kwa namna ambayo mtu akizigusa, inaonekana. Ulizo kwa darasa: kosa halikuwa la kampuni, basi kwa nini ilipe?

*Maziwa ya unga ya watoto.* Munamo miaka ya 1970, makampuni yalilaumiwa kwa namna yalivyotangaza maziwa hayo katika inchi maskini. Yalituma hata wanawake waliovaa kama wauguzi kuzungumza na wazazi. Pale maji si safi, ao mama anapoongeza maji mengi ili kopo lisiishe haraka, mtoto anaugua. Mwaka wa 1977 wateja wa Marekani walianza kugomea bidhaa za Nestlé. Mei 1981, Mkutano wa Afya wa Ulimwengu ulipitisha kanuni za kuuza maziwa hayo kwa kura 118. Marekani peke yake ilipinga. Ulizo: maziwa yenyewe hayakuwa sumu, basi ubaya ulikuwa wapi?

*Bindo, Kinshasa.* Mwaka wa 1991, wakati Kongo iliitwa Zaire, watu wengi walipoteza akiba yao katika michezo ya feza. Uliojulikana zaidi ni Bindo Promotion. Ahadi ilikuwa tamu: weka feza leo, urudie nyingi zaidi kiisha muda kidogo. Kumbe wa kwanza walilipwa kwa feza za waliokuja nyuma. Wapya walipopungua, yote ikaanguka. Ulizo: yule aliyelipwa vizuri mwanzoni, kiisha akaita ndugu na majirani, ana kosa ao hana?

Somo la dakika 50

Mwalimu hahitaji kompyuta. Ubao, chaki na jambo moja la mtaa vinatosha. Anagawa darasa kwa vikundi vya watano: patro, muuzaji, mteja, mzazi na mwandishi wa habari. Anasoma jambo, kwa mfano hili:

«Dada yenu anauza krem ya kung'arisha ngozi. Ku chupa hakuna orodha ya vitu vilivyomo. Wateja wanaiomba kila siku, na faida yake ndiyo inalipa minervali yenu.»

Kila mmoja anasema akiwa mahali alipopewa. Mwalimu anaeleza kwamba krem zingine za namna hiyo zina zebaki, kitu kinachoweza kuharibu figo. Kikundi kinapitisha jambo ndani ya maulizo ine na kuandika uamuzi kwa sentensi mbili. Mwishoni wanabadilishana nafasi: aliyekuwa patro anakuwa mteja. Mara nyingi ni hapo mazungumzo yanapata moto.

Pointi zisitolewe kwa anayesema «tusiuze» haraka. Zitolewe kwa anayeonyesha nani ataumia, nani atapoteza feza, na minervali itatoka wapi.

Pale somo linavunjika

Wanafunzi wanatazama zaidi kuliko wanavyosikiliza. Mwalimu anayeuza pointi, ao anayelazimisha kununua karatasi zake za somo ili mtu apite, amekwisha kufundisha marketingi yake. Ni vilevile kwa shule inayotangaza matokeo ya mitihani ya mwaka mzuri tu na kunyamazia mingine. Maulizo ine yaanze ku meza ya mkubwa wa shule.

Tena, si kweli kwamba muuzaji mwaminifu anapata faida papo hapo. Mbele ya makopo yaliyobonyezwa, kopo lake zima lazima liuzwe bei ya juu, na mteja asiyejua anampita. Anaweza kuita watu wapime wenyewe, na kuongeza matabishi kidogo ili warudi. Lakini peke yake anaweza kuchoka.

Kwa hiyo jibu la ulizo la mwanzo linahitaji zaidi ya moyo safi. Linahitaji mtu wa kuita wenzake wa mstari mmoja, kuzungumza na kamati ya soko, na kuomba wote wakubaliane kopo moja, lipimwe mbele ya wateja. Kazi hiyo mwanafunzi anaweza kuianza ku soko ya karibu na shule yake, na daftari na kopo moja zima.