Ekari Ngapi Mwaka Huu?

Kila Oktoba, kabla mvua ya vuli haijashuka, kuna swali linalozunguka Kajiado, kutoka miteremko ya Loitokitok mpaka vishamba vilivyobanwa na magorofa ya Kitengela: mwaka huu tunalima ekari ngapi? Swali ni fupi lakini zito. Linamtaka mkulima akisie vitu viwili asivyoviona. Mvua itanyesha kiasi gani kufikia Desemba? Na gunia la mahindi litaenda pesa ngapi Februari? Akikosea la kwanza, hana mavuno. Akikosea la pili, mavuno anayo lakini faida imeondoka na broka. Na pesa ya mbegu na ya trekta inatoka mfukoni sasa hivi, kabla jibu lolote halijapatikana.

Tumezoea kusimuliwa kwamba kilimo cha nyika ni hadithi ya mvua tu: ikinyesha watu wanakula, ikikataa watu wanalala njaa. Historia ya Kajiado inasema zaidi ya hapo. Mvua imekuwa ikikataa tangu zamani. Kinachobadilika kila kizazi ni nani anayebeba hasara inapokataa. Hilo ndilo huamua ekari ngapi zitalimwa na, siku hizi, ekari ngapi zitauzwa.

Tuanze mbali kidogo. Kwenye miezi hiyo hiyo ya Septemba na Oktoba, wakulima wa Kansas nao huwa shambani wakipanda ngano inayokaa ardhini majira yote ya baridi na kuvunwa katikati ya mwaka unaofuata. Ngano ya aina hiyo haipandwi kwetu, maana bila baridi kali haitoi masuke vizuri. Lakini swali lao ni lile lile la Loitokitok. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya ngano dunia nzima, huku udongo wa Kansas ukiwa mkavu kama kigae. Bei ikasema panda, hewa ikasema ngoja. Wamarekani wakasikiliza bei: walipanda karibu ekari milioni 37, asilimia 11 zaidi ya mwaka uliotangulia. Ukame haukuondoka. Ilipofika 2023, sehemu ya ngano iliyoachwa shambani bila kuvunwa ilikuwa kubwa kuliko mwaka wowote tangu 1917.

Vuli hiyo hiyo ya 2022, Kajiado ilikuwa inaingia msimu wa tano mfululizo wa mvua kufeli. Watu wa pande zote mbili walipoteza mazao. Tofauti ni kwamba mkulima wa Kansas kwa kawaida ana bima ya mazao, na serikali yake humlipia sehemu kubwa ya ada. Anaweza kucheza kamari ya ekari kwa sababu hachezi peke yake. Huku kwetu bima ya mazao ipo, lakini wakulima wengi wadogo hawana. Mbegu ikikauka, imekaukia mwenyewe.

Haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya ukoloni, Wamaasai wa nyanda hizi hawakuwa wakulima, lakini nafaka walikula. Wanawake walibeba ngozi na maziwa hadi kwa Wakikuyu na majirani wengine waliolima, wakarudi na mtama, wimbi na maharagwe. Biashara hiyo ilivumilia hata nyakati za vita, kwa sababu kila upande ulijua utauhitaji mwingine. Mfugaji alipofilisika, alikimbilia kwa mkulima. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya 1890, sotoka ilipofyeka ng'ombe, ndui ikafyeka watu, na familia nyingi za Kimaasai zikaenda kuishi kwa majirani hao. Bima yao ilikuwa watu: ndoa, urafiki na deni la wema. Haikuzuia ukame, ila iligawa hasara.

Mikataba ya 1904 na 1911 ilivuruga mpango huo. Wamaasai walisukumwa kutoka nyanda nzuri za Bonde la Ufa na Laikipia, wakakusanywa kusini, katika eneo ambalo leo ni Kajiado na Narok. Mifugo yao ikawekewa karantini mara kwa mara, soko likafungwa kwa amri. Ukiwa na ng'ombe usiyeweza kumuuza, mwaka mbaya unakuta huna pesa ya kununua nafaka, hata kama nafaka ipo kilima cha pili.

Kisha ikaja Vita vya Pili vya Dunia, na hapa ndipo utaona kwamba serikali ya Kenya ilijua vizuri sana jinsi ya kuongeza ekari. Mwaka 1942, ikitafuta chakula cha majeshi, ilipitisha sheria ya kuongeza uzalishaji wa mazao. Mlowezi aliyekubali kupanda mahindi au ngano aliahidiwa bei inayojulikana mapema, ruzuku ya kuvunja ardhi mpya, na kiasi fulani cha pesa kwa kila ekari hata mvua ikimwangusha. Soma hilo la mwisho tena. Serikali iliondoa hatari ya hewa na hatari ya soko kwa mpigo mmoja, na walowezi wakapanua mashamba. Mkulima Mwafrika hakupewa dhamana hiyo, na mahindi yake yalinunuliwa kwa bei ya chini kuliko ya mlowezi. Mwaka 1943 mvua ilipokosa kutosha, njaa iliwapiga Waafrika. Wakikuyu waliipa jina la mihogo, Ng'aragu ya Mianga, kwa sababu ndiyo iliyowafikia mezani.

Mpango wa kumhakikishia mkulima mapato ya chini kabisa kwa ekari haukufa na ukoloni. Uliendelea baada ya uhuru, ukiwafaa hasa wenye mashamba makubwa, mpaka ulipofutwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo Loitokitok ilikuwa imeshabadilika. Wakikuyu, Wakamba na Wachaga walikuwa wamehamia kwenye miteremko ya Kilimanjaro kutafuta shamba, na baada ya ukame wa miaka ya 1970 familia nyingi za Kimaasai nazo zikaanza kulima. Ukiangalia ramani ya mvua utaelewa walikimbilia nini. Bonde la Amboseli hupata kama milimita 300 kwa mwaka, lakini ukipanda mlima kidogo tu mvua inaweza kupita milimita 1,000. Mbegu nayo ilisaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kituo cha utafiti cha Katumani, pale Machakos, kilitoa mahindi yanayokomaa kwa takriban miezi mitatu, yaani yanayoweza kumaliza safari kabla vuli haijakata kamba.

Kwa hiyo sayansi ilikuja, watu walikuja, ekari zikaongezeka. Dhamana ndiyo haikuja.

Soko lenyewe lilikuwa mkononi mwa serikali. Bodi ya Nafaka na Mazao, iliyoundwa 1979, ndiyo iliyonunua na kupanga, na kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Fikiria maana yake kwa mtu wa nyika: mwaka mzuri huwezi kupeleka gunia lako panapolipa, mwaka mbaya gunia la jirani haliwezi kukufikia. Wakamba, majirani wa Kitengela upande wa mashariki, wana jina la njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980: Nikw'a Ngwete, nakufa nikiwa nimeshika. Ameshika nini? Pesa. Anayo pesa, chakula cha kununua hakuna. Sijui jina lingine linalosimulia hewa na soko kwa ufupi hivyo. Serikali ililegeza soko la mahindi mwishoni mwa 1993. Magunia yakaanza kutembea bila kibali, lakini bei nayo ikaanza kutembea bila mwenyewe.

Wakati hayo yakiendelea, Kitengela ilikuwa inafungua soko la tatu, na hili ndilo lililomeza mengine. Sheria ya 1968 ilikuwa imewapa Wamaasai ranchi za pamoja, kila kundi na ardhi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hatimiliki. Mwaka 1990 sheria ya viwanda vya EPZ ikapita, viwanda vikafunguliwa Athi River, na maelfu ya wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Ghafla ekari ikawa na bei isiyohusiana kabisa na mvua.

Hapo ndipo hesabu ya mwenye shamba ilipogeuka. Udongo wa Kitengela ni ule mweusi, unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi mvua ikinyesha, na mvua yenyewe ni haba. Kulima mahindi pale ni kubahatisha. Kufuga ni afadhali, lakini ukame wa 1999 na 2000 uliua ng'ombe, na wa 2009 ukaua tena. Karo ya shule haingoji mvua. Mtu aliyepoteza ng'ombe na mahindi kwa msimu mmoja amebaki na kitu kimoja tu ambacho ukame hauui. Anauza ekari mbili. Ukame unaofuata, mbili nyingine.

Si kwamba hakuna aliyeliona hili. Mwaka 2000, ukame ukiwa umekaza, mpango mdogo ulianzishwa Kitengela ili kuacha njia wazi kwa nyumbu na pundamilia wanaotoka Mbuga ya Nairobi. Familia zilizojiunga zililipwa kama shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua, wasichimbe mawe, wasiuze. Pesa ilitolewa mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa. Angalia ujanja wake: aliyeubuni alielewa kwamba kinachouza ardhi ni tarehe ya karo ikikutana na mwaka wa ukame, wala si tamaa. Ilikuwa bima kwa jina lingine. Tatizo ni kwamba shilingi 300 haiwezi kubishana kwa muda mrefu na bei ya ploti. Kwenye sensa ya 2019, Kitengela ilikuwa na zaidi ya watu 150,000.

Nawe unayesoma hii ukiwa umepanga huko, au Rongai, au Syokimau, usifikiri hii ni habari ya wazee wa mashambani. Mwaka 2022 pakiti ya unga wa kilo mbili ilipita shilingi 200. Julai serikali ikaishusha kwa ruzuku hadi 100, Septemba serikali mpya ikaondoa ruzuku hiyo na badala yake ikashusha mbolea hadi shilingi 3,500 kwa mfuko. Kwa Uasin Gishu hiyo ilikuwa habari njema. Kwa Kajiado, mbolea bila mvua ni vumbi ghali. Kisha 2023 El Niño ikaleta vuli ya mafuriko, maji aliyokuwa anayaomba mkulima kwa misimu mitano. Lakini aliyemaliza akiba yake kwa mbegu zilizokauka hakuwa na pesa ya kupanda nyingi mvua iliporudi. Na waliopanda wakakuta bei ya mahindi imeanza kushuka, maana nchi nzima ilikuwa imevuna.

Basi ukisikia mtu akisema wakulima wa Kajiado ni wavivu, au wanauza ardhi kwa kupenda magari, mrudishe 1942. Serikali ilipotaka ekari ziongezeke, haikuwahubiria walowezi kuhusu bidii. Iliwaambia: panda, ukianguka tutakushika. Mkulima wa Loitokitok hajawahi kuambiwa hivyo, na bado kila Oktoba anapanda.

Kitengela hesabu imeshakuwa nyingine. Ekari moja inatoa kama ploti nane za futi hamsini kwa mia. Shamba lililolala kwa ukame linaweza kuamka mwaka ujao, mvua ikija na bei ikikubali. Ekari yenye nyumba nane haiamki hata gunia lifike bei gani.